Alendronati 70 mg kwa aliyetibiwa kansa ya titi: tathmini kwa wanunuzi wa Bukavu

Kati ya dawa za mifupa ambazo mama aliyetibiwa kansa ya titi anaweza kuandikiwa, alendronati 70 mg ya mara moja kwa wiki ndiyo tunayoipa alama ya juu kwa mkaaji wa Bukavu. Si kwamba ina nguvu kuliko zote. Inavumilia kukatika kwa dawa, na Bukavu dawa hukatika.

Anayeihitaji zaidi ni aliyekoma hedhi na anayemeza letrozoli 2.5 mg au anastrozoli 1 mg kila siku. Dawa hizo huondoa karibu estrojeni (homoni ya kike) yote iliyobaki mwilini ili kansa isirudi, na estrojeni ndiyo iliyokuwa ikizuia mifupa isiliwe. Tamoksifeni ni habari nyingine: kwa aliyekoma hedhi, yenyewe huilinda mifupa kiasi.

Kasoro kubwa ya kidonge hiki ni masharti yake. Hata ukikimeza vizuri, chini ya sehemu moja kwa mia ndiyo inayoingia mwilini. Ukikimeza na chai ya maziwa au uji, umetupa pesa. Kimeze ukiamka, kabla ya kitu kingine chochote, kwa glasi iliyojaa maji ya kawaida, kama 200 ml. Maji ya Regideso yaliyochemshwa yanatosha. Ya chupa yenye madini mengi hayafai, kwa sababu kalsiamu huikamata dawa tumboni. Usitafune, usinyonye. Kisha kaa wima au tembea dakika 30, bila kulala wala kuinama, maana kidonge kikikwama kwenye umio (njia ya chakula toka kooni hadi tumboni) huuchoma hadi ukapata kidonda. Asubuhi ya salongo (usafi wa pamoja wa mtaa) au ya kupiga deki, basi, si ya kuchagua. Ukianza kusikia maumivu unapomeza, acha dawa na umwone daktari. Ukisahau siku yako, meza asubuhi inayofuata, halafu urudie ratiba ya zamani. Kamwe usimeze viwili siku moja. Vidonge vya kalsiamu viweke mchana.

Kwenye kaunta ya farmasi, soma namba kabla ya jina. Kuna alendronati ya 10 mg, ambayo ni ya kila siku, na ya 70 mg, ambayo ni ya kila wiki. Mtu anaweza kumeza ya 70 kila siku akiuziwa vidonge vilivyokatwa kwenye karatasi yake, bila pakiti wala maelezo. Dai pakiti nzima, kwa kawaida vidonge 4, yenye namba ya loti na tarehe ya mwisho inayosomeka. Fosamax ndilo jina la kwanza la dawa hii, lakini nakala ya kiwanda kinachoaminika haina ubaya.

Mpinzani wake mkuu ni denosumabu, sindano ya 60 mg chini ya ngozi kila miezi 6. Kwa nguvu inashinda: utafiti wa ABCSG-18 uliochapishwa mwaka 2015, kwa wanawake waliokuwa kwenye dawa za jamii ya letrozoli, ulionyesha hatari ya kuvunjika mifupa ikishuka kwa nusu. Tatizo ni siku inapokosekana. Alendronati hujificha ndani ya mfupa na kuendelea kufanya kazi kwa miaka, denosumabu haikai. Ukichelewa mwezi au zaidi baada ya ile miezi 6, mfupa huanza kuliwa kwa kasi, na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo. Aidha inataka friji ya nyuzi 2 hadi 8. Mtu anayeujua umeme wa SNEL, na aliyeona njia za mizigo zilivyofungwa katika mapigano ya Februari 2025, ataelewa kwa nini hatuipendekezi kwa asiye na uhakika wa sindano inayofuata. Aliyekwisha kuianza asiiache hivihivi: daktari amhamishie alendronati au asidi zoledroniki kwa wakati.

Asidi zoledroniki, inayopitishwa kwa serumu mshipani, inamfaa mwenye ugonjwa wa umio au asiyeweza kukaa wima. Ya mifupa dhaifu ni 5 mg mara moja kwa mwaka. Kwa walio kwenye tiba ya kansa hutumika pia 4 mg kila miezi 6, na kwa waliokoma hedhi dozi hiyo hupunguza kansa kurudi mifupani. Chupa hizo mbili usidhani ni moja. Ile ya 4 mg iliyokolea huongezwa kwenye 100 ml za maji ya chumvi ya 0.9%, kamwe si kwenye serumu ya Ringer, yenye kalsiamu. Ipite kwa dakika 15 au zaidi. Kuiharakisha huumiza figo. Homa na maumivu ya mwili siku 3 za mwanzo ni kawaida, parasetamoli inatosha.

Zinazopaswa kukataliwa: tiboloni na homoni za kutuliza dalili za kukoma hedhi, kwa sababu zinaweza kurudisha kansa; na katika dawa nyingine za mifupa, raloksifeni pamoja na letrozoli, na teriparatidi kwa aliyepigwa mionzi kifuani.

Kabla ya kidonge cha kwanza, maumivu mapya ya mgongo yachunguzwe kwanza, yasije yakawa kansa iliyofika mfupani. Pima kreatinini (uwezo wa figo ukiwa chini ya 35 ml kwa dakika, alendronati haifai), kalsiamu na vitamini D. Jino bovu ling'olewe mapema, kidonda kipone, kwani taya linaweza kukataa kupona baadaye. Sambaza wa Kivu wanaoliwa pamoja na mifupa yao ni kalsiamu nzuri. Mboga ya lengalenga huiachia kalsiamu yake kidogo tu. Na mwenye kumeza deksametazoni ya kunenepesha aiambie kliniki: dawa hiyo inabomoa kile alendronati inachokilinda, na haiachwi ghafla.

Matumizi yapitiwe upya baada ya miaka 3 hadi 5. Katikati ya muda huo, maumivu ya paja au nyonga yasiyo na sababu yapigiwe picha ya radio ya mapaja yote mawili, hata kama linalouma ni moja.