Stuli za sebuleni: ya mninga wa zamani, ya MDF, ya marumaru au ya jahazi?

Kabla ya kuuliza bei ya stuli, yaani meza ndogo ya sebuleni, igeuze miguu juu. Muuzaji huitunza sehemu inayoonekana, akaing'arisha kwa vanishi. Aina ya mbao, ubora wa viungo na dalili za wadudu viko upande wa chini. Tumelinganisha aina nne zinazopatikana kwa urahisi katika miji ya Tanzania na Kenya, tukitazama zaidi jinsi zinavyostahimili maji, joto na kuhamishwa kuliko jinsi zinavyopendeza dukani.

Vipimo ndivyo vinavyokosewa zaidi. Pima mkono wa kochi kutoka sakafuni. Makochi mengi huwa kati ya sentimita 55 na 65. Stuli ya kukaa pembeni mwa kochi iwe sawa na mkono huo au pungufu yake kwa sentimita 5 hivi. Ikiwa ndefu zaidi, mgeni hugonga kiwiko kwenye ukingo na kumwaga chai. Kina chake kisizidi kina cha kochi, la sivyo magoti ya wapitaji yatakuwa yanajigonga kila siku. Zile stuli nne au sita zinazouzwa pamoja na meza kubwa ni kitu kingine: kimo chake hulingana na kikalio, kwa kuwa zimekusudiwa kusogezwa mbele ya mgeni anayekula. Ukiiweka moja pembeni na taa juu yake, taa itakuwa chini mno. Ukingo wa chini wa kofia ya taa unatakiwa uwe usawa wa macho ya aliyeketi, yaani sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni.

Sasa ya zamani. Mninga, mvule, mkongo na msaji ndizo mbao zilizotengenezewa fanicha nzuri za miaka iliyopita, na stuli ya namna hiyo iliyotunzwa ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza. Mninga ukishakauka vizuri haupindi ovyo, na kiini chake cha rangi ya kahawia huwashinda mchwa. Lakini kiini tu. Sehemu nyeupe ya nje ya gogo ni chakula cha bungua, na mafundi wengi huiacha kwenye kona za ndani za miguu ili wasipoteze mbao. Tazama hapo. Matundu ya milimita 1 au 2 yenye unga laini kama wa ngano yanaonyesha kwamba wadudu bado wamo. Matundu makavu, yaliyoingia vumbi jeusi, huenda ni ya zamani: yazibe kwa nta ya mshumaa, iweke stuli juu ya karatasi nyeusi mbali na fanicha nyingine, uichunguze kwa miezi kadhaa; unga mpya ukidondoka, wadudu bado wamo. Mafuta ya taa yanayopakwa juu mara nyingi hayawafikii viwavi walio ndani. Kama sehemu nyeupe imeliwa hadi inabonyea kwa kucha, usinunue.

Angalia pia kama mbao ni yenyewe. Paina hupakwa rangi ya kahawia ikauzwa kama mninga. Kwangua kidogo upande wa chini kwa kisu: rangi ya dawa huishia juu, ya mninga huendelea ndani. Inyanyue pia, maana paina ni nyepesi zaidi. Tazama mistari ya ubao wa juu inapofika ukingoni. Ikikatika ghafla na ukingo una mistari yake, hiyo ni vinia, yaani tabaka jembamba la mbao nzuri lililobandikwa juu ya ubao mwingine. Vinia si kosa, na ile nene ya zamani huvumilia msasa mwepesi. Ya sasa ni nyembamba mno, msasa ukipita mara mbili tatu unaifikia plaiwudi.

Ubao wa juu uliopasuka katikati una sababu yake. Mbao hunywea kwa upana, si kwa urefu, na stuli iliyokaa miaka Unguja au Mombasa ikipelekwa Dodoma au Nairobi hukutana na hewa kavu zaidi. Kama fundi aliubana ubao kwa gundi na skrubu pande zote, hauna pa kujivutia, unapasuka. Ubao uliofungwa vizuri una skrubu kwenye matundu marefu yanayouruhusu ubao usogee kidogo. Ufa mwembamba hutengenezeka: fundi afungue ubao, aunganishe upya kwa gundi na klampu, kisha arefushe matundu ya skrubu. Ukijazwa unga wa mbao na gundi bila kufungua, utarudi.

Madoa ya vikombe yasikutishe. Duara jeupe ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi. Kitambaa kikavu cha pamba na pasi ya uvuguvugu, sekunde chache kwa wakati, huliondoa mara nyingi. Doa jeusi limeshaingia kwenye mbao, nalo linahitaji kupigwa msasa na kupakwa upya. Stuli yenye rangi kuukuu usiisugue kavu ndani ya nyumba yenye watoto, kwani rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Tumia msasa wa maji, nje.

Stuli ya kisasa ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) au chipbodi (ubao wa vipande vidogo vya mbao) ni ya bei nafuu na sura yake ni safi. Adui yake ni ndoo ya deki. Maji huingia kwenye ncha za miguu zisizofunikwa, MDF huvimba, na iliyovimba hairudi. Siku ya kuunganisha vipande vyake, paka ncha hizo vanishi mara mbili, kisha weka viatu vya mpira vya angalau nusu sentimita. Udhaifu wa pili ni vifungo vyake vya kuzungusha kwa bisibisi: chipbodi haishiki vizuri mara ya pili. Ukihama nyumba, ibebe ikiwa nzima, bila kuifungua. Tundu likishalegea, litoboe zaidi, gongomea kijiti cha mbao chenye gundi, acha kikauke siku moja, kisha toboa upya katikati yake.

Ya chuma yenye marumaru huonekana ya kifahari, na sisi tunaipenda mahali pasipo na vinywaji vichachu. Marumaru halisi huliwa na tindikali: juisi ya ukwaju au ndimu huacha alama isiyong'aa ambayo sabuni haiitoi. Ili kujua kama ni halisi, dondoshea ndimu upande wa chini usiopakwa kitu; ikitoa povu, ni marumaru. Ya bandia haijali ndimu, ila joto la sufuria huweza kuiharibu. Ya kioo, tafuta muhuri mdogo kwenye kona unaoonyesha kimekazwa kwa moto, na unene wa milimita 8.

Stuli za mbao za jahazi kuukuu, zinazouzwa Unguja na Lamu, zina uzuri usioigika, lakini nyingi huuzwa mapema mno. Chumvi iliyomo huvuta unyevu na kuozesha misumari ya chuma iliyobaki ndani. Ukiona jasho au unga mweupe juu ya mbao wakati wa masika, haikuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi wala kukaushwa vya kutosha. Pitisha sumaku: kila inaponata pana msumari, na kutu itatokea hapo.

Ukikosa ya zamani inayofaa, mafundi wa Keko jijini Dar es Salaam au wa jijini Nairobi wataiga picha yoyote. Agiza miguu ya inchi 2 kwa 2, ubao wa juu wa inchi 1, kiini kitupu bila sehemu nyeupe, viungo vya ulimi na tundu badala ya misumari, na vanishi hadi chini ya ubao. Lipa sehemu ya pesa, kisha nenda ukaione kabla haijapakwa chochote. Kama tayari unayo moja ya mninga wa zamani, si lazima ya upande wa pili ifanane nayo. Ya chuma inafaa, mradi vimo visitofautiane kwa zaidi ya sentimita 3.