Mazabodi za zamani kwa Linux: ipi ya kununua, ipi ya kumwachia muuzaji

Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa jumla, haizitaki prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8. Ndiyo maana mashine nyingi za mezani kutoka maofisini zinauzwa mtumba, na Linux, mfumo endeshi wa bure, inazipokea bila makuu. Wengi wakifika dukani huuliza i5 au i7. Mimi kwanza nafungua kasha nitazame waya wa umeme unaoingia kwenye mazabodi, ile bodi kuu inayobeba prosesa na RAM.

1. Prosesa za Intel kizazi cha 3, soketi (kiti cha prosesa) LGA 1155. Chaguo langu ni Dell OptiPlex 7010 ya mnara, ile ya 2012 (kuna ya 2023 yenye jina hilohilo, usichanganye). Ina nafasi nne za RAM ya DDR3, hadi GB 32, na plagi ya kawaida ya pini 24. Pawa saplai ikiungua, fundi yeyote anakuwekea nyingine. Sehemu ya Intel inayotoa picha kwenye skrini haihitaji kutafutiwa draiva. Imo ndani ya keneli, kiini cha Linux. Tia SSD (diski ya kasi), weka Linux Mint, toleo rahisi la Linux, fanya kazi.

2. Kizazi cha 4, LGA 1150. Kwa nguvu inaipita ya kwanza. i3, i5 na i7 zake zina AVX2, seti ya amri za prosesa inayotakiwa na Red Hat Enterprise Linux 10, Linux ya makampuni. Pentium na Celeron za soketi hiyohiyo hazina, kwa hiyo soma jina lote. Mbona basi ya pili? Nyingi za maofisini zina plagi ya kampuni yenyewe, pini 6 au 8. Yangu ilizima siku moja saa mbili usiku, nikazunguka Kariakoo kutwa nzima kesho yake nikiwa na pawa saplai nzima mkononi isiyoingia popote. Adapta zipo, ila agiza kabla hujazihitaji.

3. Kizazi cha 6, LGA 1151. Nzuri, nyingi zinatumia DDR4. Shida ni bei tu.

4. LGA 775 yenye chipseti (chipu saidizi ya bodi) ya G41. Ukipewa bure, pokea. RAM inaishia GB 8, na Core 2 Duo, prosesa yake, haina SSE4.2, seti nyingine ya amri, hivyo Red Hat 9 haiendi. Debian 13, Linux nyingine, ya biti 64 inaenda, polepole.

Jihadhari na RAM ya bei ya kutupa: zipo za AMD pekee, na zile za seva, ambazo bodi hizi za Intel hazizikubali.

Nenda na flashi yenye Mint, uiwashe mashine mbele ya muuzaji. Andika `lscpu` uone prosesa halisi, kisha `free -h` uone RAM. Mulika kapasita (vile vikopo vidogo kwenye bodi) kwa tochi ya simu: kichwa kikiwa kimevimba, funga kasha uage. Lakini saa ikisoma mwaka wa nyuma, tovuti zikalalamikia vyeti vya usalama na `apt` (amri ya kusasisha) ikakataa, hiyo ni betri ya CR2032, ile ya duara kwenye bodi, imekufa. Nuna kidogo, akupunguzie bei.