Tahadhari kwa wanaochomesha DVD za harusi Kariakoo: hakuna DVD ya deki yenye "HD 1080"

Ndugu zangu wa Dar es Salaam, hasa mnaojiandaa na harusi, nawatahadharisha juu ya fundi mmoja wa Kariakoo ambaye kwa shilingi 60,000 huahidi kuchoma video yako kwenye DVD "ya HD 1080" (yaani picha kali ya pikseli 1920 kwa 1080), kisha hukukabidhi kitu kisichofikia hata ubora wa DVD ya kawaida.

Nilimpelekea video ya harusi ya mdogo wangu, yenye urefu wa saa tano, tangu kanisani hadi ukumbini. Dukani alinionyesha picha inayong'aa, nami sikutambua kwamba aliichezesha kutoka kwenye fleshi, wala si kwenye diski aliyoichoma. Tulipoiweka kwenye deki nyumbani, nyuso zilikuwa zimefifia, na kila watu walipoingia kucheza muziki picha ilivunjika ikawa miraba miraba, hata mama akauliza kama ni macho yake ndiyo yamezidi kuharibika.

Niliifungua diski hiyo kwenye kompyuta kwa programu ya VLC, nikaangalia taarifa za kodeki (namna video ilivyobanwa), nikakuta picha ya pikseli 352 kwa 288, ambacho ni kipimo kilekile cha VCD, zile diski za video za zamani kabla ya DVD. DVD ya video ya PAL, mfumo wa televisheni ambao ndio wetu, mwisho wake ni 720 kwa 576 katika MPEG-2, yaani namna ya kubana video inayotumiwa na DVD. Kwa hiyo anayekuahidi 1080 kwenye DVD ya kawaida ya deki anakuuzia maneno matupu. Deki yenye HDMI inaweza kuikuza picha ijae kwenye skrini kubwa, lakini hairudishi kilichokwisha kutupwa wakati wa kuchoma.

Siri yenyewe iko kwenye nafasi. Diski ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7 (kompyuta nyingi huziandika kama 4.37, hilo lisiwatishe). Ukiweka humo saa mbili, kila sekunde hupata takriban megabiti 5 za picha na sauti pamoja, kiasi kinachotosha. Ukizibana saa tano, zinabaki megabiti 2 tu, na sehemu zenye mwendo mwingi ndizo huharibika kwanza. Kazi yangu ilihitaji diski tatu, naye alitumia moja.

Nilipomrudia alidai deki yangu ni mbovu, kisha akataka shilingi 30,000 nyingine za "marekebisho".

Kabla hujalipa, muulize fundi ataweka saa ngapi kwenye kila diski na kwa pikseli ngapi, halafu diski yenyewe ijaribiwe kwenye deki hapohapo dukani, mkienda moja kwa moja kwenye sehemu ya muziki. Usimwachie pia faili halisi bila kubaki na nakala. Mimi niliokolewa na mpiga video wetu, aliyekuwa amezihifadhi zote, na fundi mwingine akazichoma upya kwenye diski tatu zinazotazamika vizuri. Zile 60,000 sijarudishiwa hadi leo.