TAHADHARI: Muuza spea za magari ya zamani anayejifanya yuko mtaa wa Gerezani, Dar, kanipiga mara mbili

Wakuu wa Kusini, Mtwara, Lindi, Masasi na yeyote anayefufua gari la zamani, someni hii kabla hamjatuma hela. Namba yake siweki maana anabadilisha laini kila baada ya muda mfupi, na jina linalotokea kwenye muamala kila mara ni la mtu mwingine, leo mama fulani kesho kijana fulani, sitaki kumchafua asiyehusika. Nitaeleza tu anavyofanya kazi, mtamjua.

Mimi nina gari la Ford Mustang ya 1966. Ilikuwa ya mzee mmoja wa mashamba ya mkonge huko Lindi, ikakaa chini ya mwembe miaka na miaka, nilivyoikuta kuku walikuwa wanataga siti ya nyuma. Usukani kushoto. Mimi si mtu wa maonyesho, sina mpango wa kung'arisha kromu, nataka gari ambalo Jumamosi naliwasha naenda Mikindani kula samaki narudi, na mvua ikinikuta inikute. Kwa hiyo hela yangu yote imeenda sehemu zisizoonekana, rejeta, waya zote upya, sakafu tumekata kutu tukachomelea bati jipya (hii hewa ya chumvi ya Shangani haina huruma na bati), halafu breki. Rangi bado ile ile imepauka, watu wananicheka, wacheke.

Sasa breki ndo stori yenyewe. Mustang ya 1966 breki masta yake (ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedo) ina chumba kimoja tu, yaani ikivuja sehemu moja, hata kwenye tairi la nyuma, unabaki huna breki kabisa. Ford walianza kuweka ya vyumba viwili kwenye Mustang za 1967, mbele na nyuma kila mmoja na chake. Fundi wangu, mjomba mmoja wa Chikongola, aliniambia mwanzoni kabisa, "Mpwa, hii injini ni kubwa, kabla hujafikiria kukimbia fikiria kusimama." Nikaanza kutafuta ya vyumba viwili.

Huyo bwana nilimpata kwenye grupu la WhatsApp la spea. Na hapa mnielewe, si yule tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Huyu anajua magari, au anajua kusoma. Aliniomba namba ya chesisi, nikamtumia, inaanza 6R07C, dakika mbili akanirudia na voisi: mkuu wangu, 6 ni mwaka 1966, R imeunganishwa San Jose, 07 ni bodi ya hardtop, yaani paa gumu la bati, C hiyo ni V8, injini ya silinda nane, ya 289 ya kabureta ya midomo miwili. Nyuma yake unasikia nyundo na watu wanapiga kelele za gereji. Nikasema huyu ndiye. Akanitumia na picha ya mzigo una namba inayoanza C7ZZ, akanifundisha kabisa kwamba C ni miaka ya sitini, 7 ni 1967, Z ni Mustang. Yote aliyosema ni kweli! Hicho ndo kinaniuma mpaka leo, hakunidanganya neno hata moja kuhusu gari, kanidanganya kuhusu mzigo.

Nikatuma 240,000. Mzigo ukaja kweli na basi kutoka Mbagala, nikauchukua stendi jioni, boksi safi, breki masta nyeusi inang'aa. Sehemu ya namba imepigwa grenda. Nikamuuliza, akasema ndivyo zinavyokuja zile za akiba. Nikakubali, sijui nilikuwa nimekula nini siku hiyo.

Tukafunga, tukatoa upepo, pedo ikawa ngumu vizuri. Siku tisa. Siku ya kumi natoka mjini naingia Mikindani, kwenye ule mteremko kabla hujafika chini baharini, nakanyaga breki, pedo inashika halafu inaanza kuzama taratibuuu mpaka inagusa sakafu. Napampu, inapanda kidogo, inazama tena. Mbele yangu kuna bajaji imebeba wanafunzi. Nikashusha gia, nikavuta hendibreki, gari likaenda likasimama pembeni kwenye mchanga, bajaji wala hawakujua kitu, wakaendelea na safari. Mimi nilikaa pale kama robo saa miguu inatetemeka.

Mjomba akaifungua mbele yangu. Alichovya kitambaa kwenye petroli akasugua nje, rangi nyeusi yote ikatoka, chini yake kutu ya zamani. Akachomoa pistoni, akaniambia ingiza kidole. Ndani ya silinda unasikia vishimo vya kutu kama uso wenye ndui, mtu kapitisha msasa tu juu juu. Mipira yake imevimba na kulegea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Akanusa, akasema hii imeoshwa kwa oili ya injini au petroli, mipira ya breki ikikutana na mafuta hayo inakufa, haiponi. Maana ya vyumba viwili ni kwamba kimoja kikifa kingine kikuokoe, hii vilikufa vyote pamoja.

Mngedhani nimeishia hapo. Hapana, bado.

Nilimpigia nimewaka, akapokea. Kwa upole wote. Pole mkuu wangu, kumbe vijana wa stoo wamechanganya mzigo, Mungu kakuokoa, mimi siwezi kula hela ya mtu. Akasema kuna seti nzima ya breki za diski za mbele, habu, kalipa za kubana diski, diski zenyewe, na breki masta yake ya diski, bei 1,140,000 lakini anakata ile 240,000 yangu, niongeze 900,000 tu. Mtu aliyekoswa na ajali juzi akisikia breki za diski, akili inalala. Na hapo hela ya korosho ya familia ilikuwa imeingia. Nikatuma.

Kimya siku nne. Halafu eti barabara imekatika Somanga, mabasi yamerudi. Jamani, Somanga ilikatika kweli, Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya, huku Kusini nani hakumbuki, lakini huu ulikuwa mwezi wa nane, jua kali, na jioni hiyo hiyo shemeji yangu alishuka stendi ya Mtwara katoka Dar. Nikamwambia hivyo. Kesho yake mzigo ukatumwa, nadhani ili ninyamaze.

Nimefungua pale pale stendi, konda ananiangalia. Nikahesabu nati. Nne. Mustang ya V8 ina nati tano kila tairi, zenye nne ni za injini ya silinda sita, na huyu ndiye aliyenisomea mwenyewe kwamba C ni V8! Kalipa moja haina pistoni, diski zimepinda ukiziweka kwenye kioo zinacheza, breki masta hamna. Nikampigia picha, tiki mbili za bluu, halafu picha yake ya wasifu ikapotea. Kanibloku.

Nimeenda polisi nimepewa RB, na namba alizotumia nimezituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, nanyi fanyeni hivyo hivyo. Tangu niandike kwenye magrupu wamenitafuta wawili, mmoja wa Lindi mwenye Land Rover Series III, kauziwa gia boksi iliyojazwa grisi nzito ili isilie, mwingine yuko Masasi hataki hata kusema alitoa kiasi gani. Wote wanasema ile ile, "mkuu wangu" nyingi, voisi zina nyundo nyuma, anajua gari lako kuliko wewe. Ukimwomba video ya mzigo aandike jina lako kwenye karatasi aweke pembeni, simu inaishiwa chaji. Mimi hilo sikumwomba, aliyemwomba ni huyo wa Lindi, na alishatuma hela.

Breki masta nimepata, binamu yangu anasoma Marekani kanibebea kwenye begi, mpya, na huko bado zinatengenezwa na bei na nauli hazikufika hata nilichotoa mara ya kwanza. Breki za dramu za zamani nimebaki nazo kwa sasa, zimewekwa bitana (lining) mpya, zinasimamisha gari.

Zile habu za nati nne ziko gereji Chikongola. Mwenye Mustang ya silinda sita aje achukue bure, diski asichukue.