Jiko jipya: libaki palepale au lihamie ukuta mwingine?

Kubadilisha jiko la umeme na kuliweka palepale ni kazi ya saa chache: unapima upana wa nafasi, mara nyingi sentimita 60, unazima umeme kwenye swichi kuu, fundi anaunganisha. Kulihamisha ni habari nyingine kabisa. Jiko linataka waya wake mnene kutoka kwenye boksi la umeme, kwa hiyo ukuta utachimbwa, vigae vitabanduliwa, na feni ya kutolea moshi lazima ilifuate. Jokofu halina makuu. Soketi ya kawaida inatosha, mradi uache upenyo nyuma lipumue.

Mimi ningehamisha jokofu, jiko nikaliacha. Ila kama jiko limebanwa na mlango, mtoto akiusukuma kwa kasi unagonga mpini wa sufuria inayochemka, basi chimba ukuta bila kusita.