Mshauri nasaha wa Ntinda, nampa nyota nne
Mimi ni yule mtu wa kupitishwa stegi kwenye taksi za Kampala sababu naogopa kusema "maaso awo" (yaani nishushe hapo mbele) watu wanigeukie. Huyu dada hakuniambia jikaze, aliniuliza ni sehemu gani ndani yangu inaogopa na inanikinga na nini, eti niongee nayo, nikaona aibu jamani lakini ikaibuka siku ile nikiwa darasa la tatu nilivyochekwa nikisoma kwa sauti, nikalia. Njia yenyewe ni ya Mmarekani Richard Schwartz, tangu miaka ya 1980. Nyota moja nimekata sababu ya kelele za karakana ya chini na bei, kila wiki siwezi. Juzi nilisema maaso awo, kasauti kadogo, konda akasikia.