TAHADHARI: Taa ya eabegi inayozimika pamoja na taa ya oili

Wakuu, habari za muda huu. Kama wewe au ndugu yako mko mbioni kununua gari yadi, hasa hivi vigari vya Kijapani vya miaka ya 2000 mwanzoni, someni hapa habari ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kumkinga mtu kwenye ajali, kabla hamjatoa hela.

Mwezi wa tatu nilinunua gari la milango mitano, la mwaka 2004, cc 1500, namba D, kwenye yadi moja hapa Dar. Milioni 9.4, nusu yake mkopo wa Saccos ambao bado naulipa. Dalali aliniapia kwamba lilikuwa la mama mmoja mwalimu, linatoka Jumapili tu kwenda kanisani. (Huyo mama mwalimu ana magari mengi, maana kila dalali analo lake.) Rangi inameta, tairi zimepakwa polishi, kilomita 86,000, na dashibodi safi kabisa, hakuna taa inayowaka baada ya kupiga stata. Nikaingizwa mjini kwa mlango wa mbele.

Wiki ya tatu honi ikagoma. Kuendesha Dar bila honi ni kama kusukuma mkokoteni Kariakoo bila kupiga kelele, kwa hiyo siku hiyo hiyo nikaenda kwa fundi umeme mmoja Tegeta. Swali lake la kwanza halikuhusu honi. Aliuliza, "Taa ya eabegi inawaka?" Nikamjibu kwa fahari kwamba haiwaki, gari liko safi. Akacheka kidogo, akaniambia, "Kaka, hapo ndipo pana tatizo."

Akanielewesha. Waya wa honi na waya wa eabegi ya dereva hupita pamoja kwenye utepe uliojiviringisha nyuma ya usukani, mafundi wanauita spairo kebo. Utepe ukikatika, honi inakufa na eabegi inakufa, na kompyuta ya eabegi lazima iwashe taa yake, ile yenye kamchoro ka mtu aliyekaa na duara mbele ya kifua. Honi imekufa na taa imenyamaza, basi huenda kuna mtu kaingiza mkono.

Akanionyesha kipimo ambacho nataka kila mnunuzi akijue. Weka swichi ON, usipige stata. Taa zote zitawaka: oili, betri, eabegi. Sasa subiri. Kwenye magari mengi taa ya eabegi inatakiwa izimike yenyewe baada ya kama sekunde sita, injini ikiwa bado imelala, huku ya oili na ya betri zikiendelea kuwaka. Kwangu tulihesabu mpaka thelathini, haikuzimika. Alipopiga stata, ikazimika sambamba na taa ya oili, kama mapacha. Tukafungua dashibodi: waya wa taa ya eabegi umekatwa na kuunganishwa kwenye taa ya oili, umefungwa selotepu nyeusi vizuri tu. Ndiyo maana siku ya kukagua gari sikuona kitu. Nilipiga stata moja kwa moja kama wengi wetu tunavyofanya.

Kuna ujanja mwingine: wengine huchomoa balbu, kwa hiyo ukiweka ON taa ya eabegi haiwaki kabisa. Wengine huweka rizista (kifaa kidogo cha kuzuia umeme) kwenye soketi ya eabegi ili kompyuta iamini kifaa kipo, na hapo taa itawaka na kuzimika vizuri kama gari zima. Huo huwezi kuugundua kwa macho. Lazima fundi afungue.

Akachomoa betri, akasubiri dakika kadhaa (usimruhusu fundi anayeruka hatua hii), akafungua usukani. Kifuniko chenye nembo kilikuwa kimepasuka zamani, kikagundishwa kwa ndani na faiba. Nyuma yake, mahali pa eabegi, palikuwa na kipande cha sponji ya godoro. Nasema sponji. Gari lilishapata ajali, eabegi ikafumuka, mtu akaamua kwamba mnunuzi atakayekuja anatosha kwa sponji.

Fundi akaongeza neno lililoniuma kuliko sponji: hilo lilikuwa gari la tatu mwaka huu kutoka yadi ile ile. Gundi ile ile, waya umeungwa pale pale. Mmoja wa wenzangu hao wawili nimeshaongea naye, yeye alikuwa anaitumia gari safari za Morogoro na watoto.

Nilidhani nimefika mwisho wa habari. Upande wa abiria eabegi ipo, ya asili, haijawahi kuguswa. Nikashukuru Mungu. Jioni nikaingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji, kwa kutumia simu kutafsiri, na jibu likaja kwamba gari hilo liko kwenye rikoli ya eabegi za Takata, yaani mtengenezaji aliyaita magari yarudi kubadilishiwa kifaa chenye kasoro, na kazi haijafanyika.

Kwa wasioijua habari hii: Takata ilikuwa kampuni ya Japani iliyotengenezea eabegi makampuni mengi ya magari. Nyingi, ili zifumuke, zilijazwa amonia naitreti, kemikali ya jamii ile inayotumika kwenye mbolea na baruti za migodini, bila kitu cha kukausha unyevu. Joto na unyevu vikiifanyia kazi miaka kwa miaka, kemikali inaharibika. Siku eabegi inafumuka, hata kwa ajali ndogo ya kugongana kwenye foleni, mlipuko unazidi kipimo, kikopo cha chuma chenye kemikali hiyo kinapasuka, na vipande vinaruka usoni na shingoni mwa mtu. Marekani peke yake wamekufa zaidi ya watu 20, na Malaysia pia watu wamekufa. Mwaka 2017 Takata ilikiri kosa mahakamani Marekani na ikafilisika mwaka huo huo. Japani, kuanzia Mei 2018, magari yenye eabegi za hatari ambazo hazijabadilishwa yakaanza kunyimwa cheti cha ukaguzi.

Marekani walipopanga nani abadilishiwe kwanza, walitanguliza maeneo ya joto na unyevu kama Florida. Sasa wewe wa Dar, Tanga, Mtwara, Mombasa au Unguja, ambaye gari lako limelala juani miaka kumi bila banda, jiweke mwenyewe kwenye foleni hiyo. Waliomo ni wengi: baadhi ya Corolla, Vitz na RAV4, X-Trail za kwanza, Honda Fit, Subaru Impreza, BMW E46. Kuwa na jina hapo hakumaanishi gari lako ni bovu, maana mengi yalishabadilishwa kabla ya kuja. Namba ya chesisi ndiyo inayosema.

Hapo watu wengi wanakosea, kwa hiyo niseme. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina namba ya tarakimu 17. Lina herufi na tarakimu chache, kistari, kisha namba. Ukiiingiza kwenye tovuti ya Wamarekani ya kukagua rikoli haitakubali, na dalali atakwambia "umeona, halina tatizo". Nenda kwenye tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji mwenyewe.

Kwa hiyo gari langu, upande wa dereva hakuna kitu na upande wa abiria kuna bomu. Na huko kwenye bomu ndiko alikokuwa anakaa mke wangu.

Nilirudi yadi. Mwenye yadi hakukana hata kidogo. "Bosi, Mbongo anauliza mafuta na AC. Nani anauliza eabegi?" Akanitolea mkataba, kuna mstari mdogo chini: gari limeuzwa kama lilivyo. Nikamwambia kulifunga waya ili nisione siko kuuza kama lilivyo. Akaniambia nikishindwa nilirudishe, atanipa milioni sita.

Jina la yadi siliweki kwa sababu shauri liko polisi, na malalamiko nimepeleka Tume ya Ushindani. Aliyekutwa na sponji kama mimi apige picha kabla fundi hajasafisha, ahifadhi waya na gundi, na amwombe fundi aandike alichokiona kwa mkono wake na tarehe. Mimi nilichelewa, waya wa kwanza tuliutupa.

Kuhusu kilomita, nimekuta stika ya Kijapani ya kubadilisha oili kwenye fremu ya mlango: 143,000. Siku ile nilikuwa nimeiona, nikadhani ni pambo.

Eabegi ya abiria sijaruhusu fundi yeyote aiguse. Namba ya chesisi nimeipeleka kwa wakala wa mtengenezaji, nasubiri jibu. Mpaka hapo, mama watoto anakaa siti ya nyuma na mwanetu, na mimi naendesha mbele peke yangu kama dereva wa teksi.